Benchi la Nje ya Wodi ya Wazazi

Nilirudi kazini siku ya 58. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu nilikuwa nazihesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nina watoto wawili, na nyumba ya Kihonda ni ya kupanga. Daktari alitaka kuniongezea wiki nne, nikamwambia nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimebakiza siku tano za mshahara kamili.

Kwa miaka tisa nilikuwa mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali moja binafsi mjini Morogoro. Mwaka wa mwisho tulipungua, zamu ya usiku ikabaki na wakunga wawili, kuna siku mmoja na msaidizi. Usiku mmoja nilijikuta nimesimama koridoni, fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, mkononi, mama anaita, na sijui nilikuwa naelekea chumba gani. Moyo ulinienda mbio mpaka nikaketi sakafuni. Baada ya hapo usingizi ukakata, presha ikapanda, simu ikiita nalia. Daktari aliandika kwenye cheti: msongo mkali utokanao na kazi. Namshukuru mpaka leo kwa kuandika neno "kazi", maana nyumbani wapo waliokwisha kusema ni uvivu, na wapo waliosema ni mapepo.

Matroni alinipokea ofisini kwake. Nikamwamkia, akaitikia, akafunga mlango.

"Sista, wodini sikurudishi. Utakaa kliniki ya watoto, kwenye chanjo."

Nikamwuliza kama nimeshushwa cheo.

"Mshahara ni ule ule. Na usidhani nimekupa pa kupumzikia. Kule ukikosea, mtoto anaondoka bila kinga na mama yake hajui."

Wenzangu wote walinipokea kwa upole. Kaa hapa, dada. Acha nibebe mimi. Umekunywa chai? Walikuwa na nia njema kabisa, lakini kila "pole" iliniambia mimi bado mgonjwa. Matroni peke yake ndiye aliyeniambia kwamba nikikosea kutakuwa na hasara. Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimenyooka mgongo.

Kazi ya kwanza ilikuwa friji. Asubuhi na jioni unasoma kipimajoto, unaandika kwenye chati. Isishuke chini ya nyuzi 2, isipande juu ya 8. Nilipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Namba moja, kisanduku kimoja, na ukishaandika umemaliza.

Kilichonitia hofu ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Dozi ya kichanga ni mililita 0.05, na inaingia ndani ya ngozi yenyewe, haipiti kwenda chini. Unaivuta ngozi ya bega kwa dole gumba, unalaza sindano karibu sambamba na mkono wa mtoto, tundu la ncha likitazama juu, unasukuma polepole. Ukipatia, ngozi inainuka kivimbe kidogo cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Mkono ukitetemeka hukioni. Na mkono wangu ulikuwa umetetemeka siku 58, hata kwenye kikombe cha chai.

Mpango ulikuwa mwenzangu ndiye aende wodini kuchanja waliozaliwa usiku. Siku yangu ya pili akapigiwa simu, mtoto wake kaugua shuleni, akaondoka. Kichupa cha kahawia tulishakichanganya saa tatu asubuhi. BCG ikishachanganywa hukaa muda wa saa sita tu, kisha humwagwa. Kilikuwa cha dozi 20, na wodini walinisubiri watoto kumi na mmoja.

Nikachukua kibebeo cha chanjo, nikaenda. Korido ile ile. Nilifika mlangoni, nikasikia mama akiugulia ndani, miguu ikakataa. Sijui nilisimama pale muda gani. Kibebeo kilikuwa kimenikata vidole kwa kukikaza.

Msaidizi wa wodi akatoka na beseni, akaniona. Hakusema pole. Akauliza, "Nikuletee hapa hapa?"

Nikasema ndiyo.

Akatoa viti viwili. Kina mama wakaja mmoja mmoja, wanatembea taratibu na kanga zao, vichanga vimefunikwa mpaka puani. Wa kwanza alikuwa wa kike, bega jembamba kama kidole changu. Nikavuta ngozi. Nikalaza sindano. Nikasukuma, na kivimbe kikainuka, cheupe, na vitundu vyake vyote. Nilikitazama mpaka mama yake akauliza, "Nesi, kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Kimetoka vizuri sana."

Mpaka saa sita na nusu mchana nilikuwa nimemaliza wote kumi na mmoja. Kwa mmoja kivimbe hakikutoka vizuri, nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari na kumweleza Matroni jioni, pamoja na habari ya mlango. Alisikiliza, akaandika kitu, akaniambia niende nyumbani.

Kesho yake nikakuta benchi refu la mbao nje ya mlango wa wodi, na meza ndogo ya kuwekea trei. Nilichanja kwenye benchi lile miezi mitano. Siku nilipovuka mlango sikuwa nimejipanga. Pamba ziliniishia, na nyingine zilikuwa kwenye kabati la ndani.