Wote waliitwa George: kwa treni kutoka Chicago hadi Omaha

Nilishuka kituo cha 111th Street, kusini mwa Chicago, asubuhi na mapema. Kutoka hapo unauona mnara wa saa na majengo ya matofali mekundu ambayo George Pullman aliyajenga miaka ya 1880 kwa ajili ya kiwanda chake cha mabehewa ya kulala. Sasa ni hifadhi ya taifa ya kihistoria. Treni yangu ya kwenda Omaha ilikuwa ya saa 8 mchana, lakini anayetaka kuelewa jinsi familia za Wamarekani weusi zinavyousimulia ubaguzi wa kila siku kwa kucheka, ni vizuri aanzie hapa.

Mabehewa ya Pullman yalihudumiwa na wanaume weusi, na wa kwanza wao walikuwa wametoka utumwani. Walitandika vitanda, wakang'arisha viatu, wakabeba mizigo, na abiria wazungu wakawaita wote "George", jina la tajiri wao, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1914 kikaanzishwa chama cha kupinga desturi hiyo. Waanzilishi wake walikuwa wazungu walioitwa George, na kilichowauma ni kwamba jina lao wanaitwa watumishi. Mkuki kwa nguruwe! Walipohesabiwa wahudumu wapatao 12,000 wa kampuni, waliokuwa na jina George kwelikweli walikuwa 362.

Zitazame zile namba mbili. Kisa ni kilekile, lakini wale akina George wazungu walikuwa na kichekesho chao, na mjukuu wa mhudumu ana chake. Cha kwanza kinamcheka mhudumu. Cha pili kinazitaja namba mbili tu, 12,000 na 362, kisha kinanyamaza, na anayebaki uchi ni yule aliyekuwa akiita. Mtu anayetaka kusimulia ubaguzi kwa ucheshi lazima aliamue hili kabla ya kufungua mdomo: kicheko kitamwangukia nani?

Nikarudi mjini hadi 116 East Walton Street. Klabu iliyokuwa hapo haipo tena. Januari 1961 Dick Gregory, mchekeshaji mweusi kutoka St. Louis, alisimama hapo mbele ya wafanyabiashara wazungu wa majimbo ya Kusini, na usiku ule ukamfungulia milango. Kichekesho chake kinachokumbukwa sana ni cha mkahawani. Mhudumu anamwambia hapa hatuhudumii watu weusi. Gregory anajibu kwamba hakuna neno, yeye hali watu weusi, aletewe kuku mzima wa kukaanga. Kwa Kiingereza kitenzi cha kumhudumia mtu na cha kuandaa chakula mezani ni kimoja, "serve", na kichekesho chote kimesimama juu ya kitenzi hicho. Hakumtukana mhudumu. Alilipokea neno lake kama lilivyo, akalisukuma hatua moja mbele, upuuzi ukajitokeza wenyewe. Katika mbinu zote za kazi hii, hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi.

Treni yangu, California Zephyr, inaondoka Union Station na kufika Omaha karibu na saa 5 usiku, mwendo wa kilomita 800 hivi. Saa tisa za kukaa kitini ni nafasi nzuri kwa familia kufanya kazi ambayo nyumbani huahirishwa, yaani kuandika visa. Niliigawa kazi kwa vituo.

Kuanzia Chicago hadi Galesburg ni kukusanya tu, bila kuchekesha. Kila mmoja ana daftari lake, na kila kisa kinachukua mistari mitano: tarehe, mahali, nani alikuwepo, maneno yenyewe neno kwa neno, na dakika zilizopita kabla jambo halijaisha. Kisa kipya kiandikwe siku ileile. Maneno ndiyo ya kwanza kupotea kichwani, hasira hubaki. Na hasira isiyo na maneno haimchekeshi mtu, wala msikilizaji mwenye shaka haiamini. Sifa kama "mbaya" au "mshenzi" zikae nje ya daftari. Ukiandika kwamba muuzaji alimfuata dada yako kutoka rafu ya sabuni hadi ya soksi, akakunja soksi ambazo tayari zimekunjwa, hukumu haihitaji kuandikwa.

Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1970 ndiye aliyevipa vitendo vya aina hii jina la kitaalamu, "microaggression", kwa maana ya uchokozi mdogo mdogo. Udogo huo ndio unaovilinda. Kisa kimoja kinabishaniwa kwa urahisi: huenda hakukusudia, huenda alikuwa amechoka. Visa arobaini vya mtu mmoja, katika mji mmoja, vyenye tarehe, havina wa kubishana navyo. Hapo familia inamshinda mtu aliye peke yake, maana wanne wakilinganisha madaftari hukuta sentensi ileile imesemwa na watu wasiojuana, kwa miaka tofauti. "Unaongea vizuri sana" peke yake yaweza kujaza ukurasa.

Treni inavuka Mississippi penye Burlington, Iowa. Nilikuwa nimelipangia daraja hilo kazi ya kuchambua. Visa vinagawanyika mafungu matatu: vinavyochekesha, vinavyouma bado, na visivyo vyetu kuvisimulia. Fungu la tatu husahaulika kuliko yote. Kisa ni cha aliyetendewa, na akikataa, kimefungwa, hata kama kaka yake anakijua na kukisimulia vizuri kuliko yeye. Kisa cha mtoto kinaombewa ruhusa ya mtoto mwenyewe, na akikua anaulizwa tena. Msomaji wa Kiswahili hili analijua bila kufundishwa: utani una wenyewe, na neno analolisema mtani wako likapita, akilisema mwingine ni tusi.

Baada ya mto ndipo ucheshi unapoanza kutengenezwa. Karibu kila kisa kina sentensi moja ya kipuuzi kuliko nyingine zote. Itafute, uiweke mwisho, na maelezo yote yatangulie. Ukilazimika kueleza baada ya watu kucheka, umekosea mpangilio. Chukua kile kisa cha dukani. Toleo la kwanza la wengi huishia kwenye uchungu: alinifuata duka zima. Toleo la pili linaifuata mantiki ya muuzaji: dada anageuka na kumkabidhi kikapu, "kwa kuwa tunatembea pamoja, nishikie." Hapo anayeaibika amebadilika. Lakini kama dada hakusema hivyo siku ile, msimulizi aseme wazi kwamba ndivyo alivyotamani kusema. Ukiongeza uongo mmoja ili kunogesha, anayetaka kukataa ataushika huo na kutupa vyote.

Kwa mdomo, dakika moja hadi moja na nusu inatosha. Simulizi huenda vizuri zaidi kwa watu wawili, mmoja aliyetendewa na mwingine wa nyumbani anayeuliza "akasemaje?" Swali hilo linampa msimulizi pumzi, na msikilizaji mgeni anaona kwamba yupo mtu aliyeamini kabla yake. Makosa mengine niliyaandika tulipopita Ottumwa, nje giza limeshaingia. Kuiga lafudhi ya mbaguzi kunaharibu, maana watu wanacheka namna anavyoongea, kitendo chake kinapona. Kumfanya aliyetendewa aonekane mjinga kunaharibu zaidi. Na ukipanga vichekesho vitano mfululizo, msikilizaji anaanza kudhani jambo lenyewe ni jepesi. Baada ya kila vitatu au vinne, weka kimoja kisicho na kicheko hata kidogo, usome polepole, usikiombee radhi.

Omaha yenyewe inakuonyesha mpaka uko wapi. Asubuhi nilikwenda hadi jengo la mahakama ya kaunti ya Douglas. Tarehe 28 Septemba 1919 umati wa wazungu ulilichoma moto jengo hili, ukamtoa Will Brown, mfanyakazi mweusi, ukamuua na kuuchoma mwili wake. Hapa hakuna sentensi ya kupeleka mwisho. Familia inayocheka visa vya dukani na ofisini haicheki hili, na mtoto anapaswa kuyasikia yote mawili nyumbani, kwa sauti tofauti.

Kutoka hapo nilielekea kaskazini hadi 3448 Pinkney Street. Familia ya Little iliishi hapa alipozaliwa mtoto wao Malcolm, ambaye baadaye alijulikana kama Malcolm X, mtetezi wa Wamarekani weusi, tarehe 19 Mei 1925. Nyumba ilibomolewa mwaka 1965, na kibao cha historia cha jimbo kimesimama nyasini. Little lilikuwa jina ambalo wenye watumwa waliwapa babu zake, na alipokuwa mtu mzima akaliacha, akaweka X mahali pa jina lililopotea.

Leo kosa la kazini linalojirudia sana katika madaftari ya watu ni lile la kuitwa kwa jina la mwenzako mweusi, hata kama weusi ofisi nzima mko wawili tu. Nikakumbuka wale 362. Mistari yangu mitano ilikuwa na tarehe, mahali, waliokuwepo, maneno na dakika. Nikaegemeza daftari gotini nikaongeza wa sita, juu ya yote: jina ambalo mwenye kisa anataka aitwe kinaposimuliwa.