Atomu 44 na ndoo ya mama

Mtu wa kwanza kunitambua niliposhuka Usa River hakutazama sura, alitazama meno. Ni dereva wa bodaboda, kijana ambaye nilipoondoka pengine alikuwa darasa la tano. Nilipomwambia anipeleke Maji ya Chai akaniangalia mdomoni, akacheka: "Kumbe wewe wa hapa hapa, broo! Nilishataka kukupiga bei." Alipocheka nikaona na ya kwake. Kahawia, yana mistari, kama yangu.

Kwa wasiotoka Arumeru: meno haya si uchafu wala sigara. Ni maji. Mlima Meru ni volkeno, miamba yake ina floridi nyingi, na mvua ikishapenya humo hutokea chini kwenye chemchemi na visima ikiwa imeibeba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu vipo visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, jino hutoka na madoa yasiyofutika kwa mswaki wowote. Akiyanywa mengi, kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda. Kuyachemsha hakusaidii kitu, kwa sababu mvuke unaondoka na floridi inabaki. Mimi nilisoma sekondari Morogoro, na huko ndiko nilikojifunza kucheka mdomo umefungwa.

Niliondoka mwaka 2016 kwenda Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia ya nadharia cha ICTP. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani ambaye baadaye, mwaka 1979, alipata Nobeli ya fizikia pamoja na wenzake wawili. Habari yake niliisoma nikiwa huko, na imenirudia sana wiki hizi. Salam alirudi kwao Lahore mwaka 1951 akitokea Cambridge, kijana mwenye akili za kutisha, na chuo kikampa kusimamia timu ya mpira. Hakuwa na mtu wa kuongea naye fizikia. Mwaka 1954 akafungasha akarudi Uingereza. Kituo cha Trieste alikijenga ili wenzake wa nchi maskini wasilazimike kuchagua kati ya kwao na kazi yao. Ofisi moja niliyopeleka vyeti vyangu mwezi uliopita haijanipa hata timu ya mpira. Wamesema nafasi itatangazwa.

Mama aliniuliza kwa simu miaka yote hiyo unasoma nini hasa, na miaka yote hiyo nilijibu vibaya. Safari hii nilijaribu tukiwa tunachambua maharage. Nikamwambia: mama, gulio la Tengeru Jumamosi, ukitaka kujua biashara iko wapi, utamfuata kila mtu na kikapu chake? Akasema hapana, unatazama watu wamesongamana wapi. Ndiyo hivyo, nikasema. Walter Kohn na Pierre Hohenberg walithibitisha mwaka huo huo wa 1964 kwamba elektroni nazo huna haja ya kuzifuata moja moja. Ukijua zimesongamana wapi na wapi zimetawanyika, hiyo peke yake, kimsingi, inatosha kukuambia nishati ya kitu chote kikiwa kimetulia. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakatoa namna ya kuifanyia hesabu. Kohn alikuwa mwanafizikia kabisa, lakini mwaka 1998 walimpa Nobeli ya kemia, maana wakemia ndio walioivamia kazi yake. Mama akasikiliza, akatupa harage bovu, akasema, "Sasa hiyo inahitaji ndege?"

Kwa kweli haihitaji. Programu niliyotumia, Quantum ESPRESSO, asili yake ni huko huko Trieste na inagawiwa bure. Hata mtu wa Maji ya Chai anaweza kuipakua usiku huu. Nilichofuata ni mashine kubwa za kuiendesha na watu wa kuniambia nimekosea wapi.

Mada za utafiti zilipogawiwa, wenzangu walikimbilia betri na sola. Mimi niliomba apatiti. Ndiyo madini ya mfupa na ya jino: kalsiamu, fosfeti na haidroksidi. Kipande kidogo kabisa cha fuwele yake, kile kinachojirudia upande huu na upande ule bila mwisho, kina atomu 44. Nilikaa na atomu hizo miaka minne, nazijua kuliko majirani zangu wa Ulaya. Kalsiamu zimejipanga pembetatu juu ya pembetatu, katikati yake panabaki kama bomba, na ndani ya bomba ndimo zinamokaa haidroksidi. Lakini haidroksidi haienei vizuri katikati ya pembetatu. Inakaa imejisogeza kidogo, juu au chini. Floridi ni ndogo kidogo, nayo inaenea barabara, katikati kabisa, kama kifuniko cha chungu chake. Ndiyo maana inamfukuza mwenye nyumba na kukaa yeye. Tasnifu yangu yote, ukiikamua, inasema hivi: floridi ikishakaa hapo haitoki kirahisi. Nilishangiliwa, nikala keki.

Sasa njoo nyumbani. Jikoni kwa mama kuna ndoo mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, na ya juu imejaa punje za mifupa iliyochomwa. Hii si habari mpya. Kituo cha Ngurdoto, hapo jirani, kimeshughulika na mifupa ya kuchoma kwa miaka mingi, na baba mdogo alijifunza kwa watu waliojifunza pale. Mfupa ni apatiti. Unauchoma ili nyama, mafuta na harufu viishe, unausaga, maji yanapita juu yake, floridi inaingia kwenye zile pembetatu. Yaani floridi ile ile iliyoharibu jino langu hapa ndiyo inayonaswa, ila safari hii mfupa ni wa ng'ombe.

Nilimkuta baba mdogo nyuma ya banda anatoa mzigo kwenye pipa alilolikata na kulifunika kwa udongo ili hewa isiingie sana. Akamwaga chini, akaanza kuchambua kwa kijiti. Kipande cheusi akakitupa kulia: "Hiki kitanuka, maji yatakuwa na ladha ya supu." Cheupe, chepesi, kinachovunjika kama chaki, akakitupa kushoto: "Hiki kimeungua, hakina nguvu." Akabaki na vya kijivu. Nikamuuliza moto wake ni nyuzi ngapi. "Profesa," akasema, na jina hilo sasa limenikaa, "moto unautazama, huupimi."

Nilibaki nimeshika kile cheupe. Kwenye kompyuta yangu fuwele haikuwa na mwisho wala kasoro, na joto lilikuwa sifuri halisi, chini ya baridi yoyote iliyoko duniani. Haikuwa na harufu. Haikuwa na vitundu. Kumbe vitundu ndiyo kazi yenyewe: ukipitisha moto, chembe zinaungana na kukua, vitundu vinazibana, na eneo la kugusana na maji linapungua. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni, lakini mkononi mwangu ilikuwa mara ya kwanza.

Jioni nikatoa kipimo nilichokuja nacho, elektrodi ya floridi, nikapima maji ya kisimani kisha yaliyotoka kwenye ndoo ya mama. Namba zikafanana. Nikarudia, nikidhani nimechafua sampuli. Zikafanana tena.

"Mama, hii mifupa ilibadilishwa lini?"

"Tangu msiba wa bibi yako. Baba yako mdogo alileta mpya, watu walikuwa wengi."

Msiba wa bibi ulikuwa mwaka juzi, mwezi wa nane. Mimi nilituma rambirambi kwa simu.

"Lakini maji yanatoka safi," mama akasema, akanionyesha glasi kwenye mwanga. Na ni kweli yalikuwa safi. Floridi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi haina ladha. Mfupa ulikuwa umejaa kama daladala ambayo abiria hawashuki, na kwa kutoshuka kwao mimi nilipewa shahada. Ndoo haina namna ya kusema imechoka, na kile kinachoweza kuisemea kiko kwenye begi la mtu aliyekuwa Ulaya. Hapo Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la mchanga na vijenzi vya nano, yaani chembe ndogo mno, lililompa tuzo ya wahandisi wa Uingereza mwaka 2015. Namheshimu sana. Ila chujio lolote, la nano au la mfupa, hufika siku likajaa, na siku hiyo nani anapita nyumbani kwa mama?

Makosa yangu yalikuwa kuendelea. Nikataja magadi. Magadi ya kulainishia makande nayo huja na floridi yake, wakati mwingine nyingi sana. Mama alinitazama kama nimemtukana bibi kaburini. Makande tulikula, ya magadi, na hatukuongea mpaka chai.

Mpwa wangu ana miaka saba. Wiki hii jino la mbele la juu limeanza kuchungulia, ncha tu, nyeupe kama punje ya mchele, na kila asubuhi anakuja kunipanulia mdomo: "Mjomba, limekuwa la rangi?" Namwambia bado. Sikumwambia kwamba jibu liko tayari siku nyingi. Jino hilo lilijengwa akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu, na yamo ndani yake maji aliyokunywa wakati ule, wakati mimi nahesabu atomu 44. Magego ya nyuma ndiyo bado yanajengwa.

Kwa hiyo tumekubaliana: ya kupikia yatoke kisimani, ya kunywa huyu mtoto yatoke kwenye simtanki, maana ya mvua hayana shida hiyo, na kiangazi simtanki ikikauka iwepo mifupa mipya ambayo mimi nitaipima kila mwisho wa mwezi na kuandika tarehe kwenye ndoo kwa rangi. Baba mdogo anasema Jumamosi bucha la Kikatiti wanachinja ng'ombe wawili. Niende mapema, na gunia liwe la katani, ya nailoni hutobolewa na mifupa.