Siku Moja Maishani Mwangu: Gurudumu la Mkiani

Saa 12:00 asubuhi ninashuka matatu kwenye Barabara ya Lang'ata, na nusu saa baadaye nimekwisha kufungua karakana yetu hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Ninavaa ovaroli, ninakunywa chai, kisha ninahesabu spana moja baada ya nyingine, kwa kuwa spana iliyosahauliwa ndani ya ndege inaweza kukwamisha nyaya za usukani angani.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo mwenye leseni. Nikitaja kazi hii, watu huniuliza habari za injini, lakini leo sikugusa injini hata kidogo. Siku yangu yote ilikwenda kwa gurudumu ambalo mtu anaweza kulibeba kwapani.

Saa 2:00 iliingia ndege ndogo aina ya Super Cub kutoka Tsavo, mkia wake mwekundu kwa vumbi. Rubani alieleza kwamba kila anapotua, gurudumu la nyuma hupiga kushoto na kulia kwa kasi mpaka pedali zinamrusha miguu. Sisi mafundi huuita mtikisiko huo shimi. Ndege ya namna hii ina magurudumu mawili makubwa mbele, na kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya hayo mawili, kwa hiyo ikiwa chini mkia hutafuta kila nafasi ya kuipita pua. Mwendo ukipungua, upepo hautoshi tena kuupa usukani, lile bapa la mkiani linalogeuza pua, nguvu, na kinachobaki kuinyoosha ndege ni breki na kigurudumu hicho. Kikishindwa kazi, ndege inaweza kuzunguka ghafla na bawa likaburuzwa ardhini.

Tuliuinua mkia, tukauweka juu ya stendi, nikashika uma wa gurudumu kuuzungusha. Ulikuwa mgumu kupita kiasi. Mtu fulani huko porini alikuwa ameikaza nati ya mhimili ambao uma huuzunguka, ili kuunyamazisha mtikisiko, na kwa muda ulinyamaza kweli, huku chanzo kikiendelea kula chuma. Nilipofungua, grisi ilitoka ikiwa nzito na nyekundu kama uji wa wimbi. Niliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasikia chembe za mchanga zikikwaruza. Hiyo si grisi tena, ni msasa. Beringi zilikuwa na mikwaruzo, na kipande kidogo cha chuma kinacholifunga gurudumu lifuate usukani kilikuwa kimelika pembe. Nilipopitisha ukucha, haukukwama mahali unapopaswa kukwama.

Ilipofika saa 5:00 rubani alirudi. "Injinia, ni kigurudumu tu. Tia grisi, kaza, niende. Saa 6:00 nataka niwe hewani." Nikamwambia, "Kapteni, nipe muda niangalie springi." Akasema ndege ni yake na hasara ni yake. Nilimjibu kwa heshima kwamba ndege ni yake, lakini saini itakayowekwa kwenye kitabu cha matengenezo ni yangu. Alisimama pale kama dakika arobaini, akipiga simu kwa sauti ili nisikie kwamba fundi anamchelewesha. Maneno hayo yalinichoma, nakiri, maana nilikuwa nimelala chali kwenye saruji ya baridi, tochi mdomoni, nikitafuta jambo ambalo lingeweza kumuumiza yeye.

Nililipata baada ya kuzilegeza bana na kuziosha springi za bapa kwa kiyeyushi. Gurudumu huning'inia kwenye springi hizo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zikichoka hupoteza mpindo, mhimili wa gurudumu unabadili pembe yake, na shimi inazaliwa hapo. Chini ya bana, mahali jicho lisipofika, bapa moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wenye mstari wa kutu ndani yake. Nilimpa rubani kioo cha kukuza. Aliangalia, akaangalia tena, akakata simu.

Chakula cha mchana kilinipita. Seti mpya ya springi ilikuwa stoo, lakini hati zake hazikuonekana, na kipuri kisicho na hati hakifungwi kwenye ndege hata kikiwa kinang'aa. Tuliitafuta karatasi hiyo mpaka mgongo ukaanza kuniuma. Ilipopatikana nilifunga springi, beringi mpya, kipande kipya cha kufungia na grisi safi, nikakaza kila nati kwa kipimo na kutia pini mpya. Kisha tukaushusha mkia ili tupime pembe ya mhimili ukiwa na mzigo, maana ukipimwa ukiwa juu ya stendi unadanganya.

Jua lilikuwa limeshainama tulipoiendesha ndege chini. Katika mstari ulionyooka gurudumu lilitulia. Kwenye kona kali lilijifungua na kuzunguka huru, kisha likarudi kujifunga kwa mlio mdogo ninaoupenda sana. Tsavo isingefikika kabla ya giza, hivyo rubani alilala mjini. Aliniuliza, kwa sauti ya chini safari hii, springi za ndege yake nyingine zikaguliwe vipi, na nikamwonyesha mahali pa kulegeza bana.

Nilisaini kitabu, nikahesabu spana. Vumbi jekundu la Tsavo bado liko chini ya kucha zangu ninapoandika haya.