Fuvu la Olduvai na Macho ya Wengi

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, akasimama kwa muda mrefu mbele ya nakala ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, akiyatazama magego yake mapana. "Mjomba, nani alihakikisha kwamba hawakutunga?" akauliza. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwa watu wazima.

Mtafiti wa mabaki ya kale, Mary Leakey, aliliona fuvu hilo katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwezi Julai 1959. Mumewe, Louis, aliamini kwamba kiumbe huyo ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizokutwa hapo. Lakini maelezo na vipimo vilichapishwa, wataalamu wengine wakavihakiki, na baada ya Homo habilis, kiumbe mwingine wa kale wa ukoo wa binadamu, kutangazwa mwaka 1964, zana hizo zikahusishwa zaidi na huyo wa pili. Hata jina la Zinjanthropus halikudumu katika vitabu vya sayansi.

Tofauti kabisa ni fuvu la Piltdown la Uingereza, lililotangazwa mwaka 1912 kuwa la binadamu wa kale na kufichuliwa kuwa la bandia mwaka 1953: taya la orangutani, sokwe wa Asia, lilikuwa limetiwa rangi, na meno yake yamepigwa tupa. Watafiti wengi walikuwa wakipewa nakala za plasta tu, na plasta, bila shaka, haipimiki kemikali za mfupa.

Ninao majirani, wa msikitini na wa kanisani, wanaoikataa nadharia ya mageuzi, yaani kwamba binadamu alitokana na viumbe wa kale kama hao, wala sidhani kuwabeza kutawashawishi. Mimi huwasimulia habari ya Piltdown, kisha nawaambia kwamba waliolikamata kosa lile walikuwa wanasayansi wenyewe.