Baiti Tatu Zilizosogea

Masika yale kulikuwa na bodi kumi mezani, virekodi vya joto kwa matangi ya maziwa huko Tanga, na tatu kati yake zilikuwa na kisirani. Ukiziwasha mara mia, mara mbili tatu programu ingeikataa chipu ya kumbukumbu. Ukizizima na kuziwasha tena, shwari.

Chipu yenyewe ni W25Q64, ya miguu minane. Ukiitumia amri 9F hujibu kitambulisho chake: EF 40 17. Tuliandika programu ya kuuliza hilo tu usiku kucha na kutunza kila jibu lenye kasoro. Asubuhi majibu mabovu yote yalifanana: DE 80 2E, pengine DE 80 2F. Takataka haijirudii hivyo. Tulipoziandika kwa biti, yaani sifuri na moja, siri ikatoka: ni EF 40 17 ileile, imesogea biti moja kushoto. Chipu ilikuwa imehesabu pigo la kloki, yaani waya wa mapigo yanayoiambia lini isome kila biti, ambalo halikupigwa. Na kwa kuwa 9F huishia kwa moja tano mfululizo, moja ikihesabiwa mara mbili amri haiharibiki. Chipu huona imeshaipokea yote, ikaanza kujibu pigo moja kabla ya wakati.

Tukashusha kloki kutoka MHz 8 hadi MHz 1. Kosa likabaki palepale. Hapo ndipo mwenzangu aliposema tumeshika mkia badala ya kichwa: haijalishi mapigo ni mangapi kwa sekunde, muhimu ni kila pigo linapanda kwa haraka kiasi gani. Mguu wa STM32, chipu kuu inayoendesha programu na kupiga kloki, ulikuwa umewekwa kwenye kasi ya juu kabisa, mstari wa programu ulionakiliwa kutoka mradi mwingine, na ulipanda kwa takriban nanosekunde 1, kloki iwe ya MHz 8 au ya MHz 1.

Osiloskopu yetu ya MHz 100, kifaa cha kuchora volti inavyopanda na kushuka, ilionyesha wimbi safi, laini. Ilikuwa inatudanganya: gawanya 0.35 kwa MHz 100 upate nanosekunde 3.5, chochote chepesi kuliko hapo inakipaka mafuta. Tukaazima ya MHz 500. Sasa tukaona mtikisiko mkubwa kupita kiasi, na sehemu yake ilikuwa yetu wenyewe, kwa sababu waya wa graundi wa probu (kipimio kinachogusa bodi), wenye sentimita 15, hutikisika peke yake karibu na MHz 130. Tulipouvua na kuweka springi fupi kwenye ncha ya probu, ulibaki ugonjwa halisi: kloki inaruka juu ya volti 3.3, inadondoka hadi katikati, inapanda tena. Pale katikati ndipo chipu ilipohesabu pigo la pili.

Hesabu ilikubali. Njia ya kloki, mstari wa shaba kwenye bodi, ilikuwa na urefu wa sentimita 14, upana wa milimita 0.25, juu ya bodi ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 1.6. Njia nyembamba iliyo mbali na graundi yake namna ile ina impidansi, yaani upinzani wake kwa wimbi, ya karibu omu 140, ilhali mguu unaoisukuma una omu 25 hivi. Wimbi linafika mwisho kwa nanosekunde 0.8, halina pa kwenda, linarudi kama mwangwi, linagonga mguu na kurudishwa limepinduka. Ukiacha diodi za ndani ya chipu, zinazobana volti isipite kiasi, volti inapaa hadi 5.6, kisha inashuka hadi 1.7.

Tukakata njia kwa wembe chini ya sentimita moja kutoka kwenye mguu wa STM32, tukakwangua rangi ya kijani pande zote mbili, tukapaka risasi na kulaza rezista ndogo ya saizi 0603 juu ya pengo. Ya kwanza ilitoka kwenye bodi mfu ya laptopu, imeandikwa 330, ambayo ni omu 33 na si 330 (wengi huangukia hapo). Makosa yakapungua, lakini wimbi bado liliruka. Nikang'oa, nikaweka 101, yaani omu 100.

"Mbona mia? Watu wote huweka thelathini na tatu."

"Watu wote wana tabaka nne na njia ya omu 50."

Mia za rezista na ishirini na tano za mguu ni 125, karibu na 140. Wimbi likakaa chini ya volti 3.5 bila kudondoka. Rezista hiyo ukiiweka upande wa chipu ya kumbukumbu haisaidii kitu. Tulijaribu kwenye bodi ya pili ili tuone, na DE 80 2E ikarudi kabla chai haijapoa.

Zile saba zisizo na kisirani hatukuzikata. Kasi ya mguu ilishushwa ngazi mbili kwenye programu, mstari mmoja tu, zikapita usiku mzima bila kosa. Toleo lililofuata chipu ilihamishiwa sentimita 3 kutoka STM32, na nafasi ya rezista ikachorwa tangu mwanzo.