Jinsi nilivyookoa fremu ya mlango baada ya bomba kupasuka

Tulirudi nyumbani baada ya safari ya siku mbili tukakuta mlango wa jikoni umegoma kufunguka. Niliusukuma kwa bega, ukaachia, maji yakanipita miguuni. Bomba jembamba la chini ya sinki lilikuwa limepasuka pale linapoungana na koki. Kabla ya kukanyaga ndani zaidi nilizima umeme kwenye swichi kuu, maana soketi mbili za jikoni ziko chini karibu na sakafu, kisha nikafunga maji. Maji yenyewe tuliyamaliza usiku ule kwa ndoo na matambara. Kazi iliyobaki, iliyonichukua karibu miezi miwili, ilikuwa ya mbao.

Asubuhi niliona vizuri. Skatingi, zile mbao nyembamba zinazozunguka chini ya kuta, za jikoni na korido zilikuwa zimefura kwa chini na rangi yake imechanika. Sakafu ya kabati la sinki, ambayo ni chipubodi, ilikuwa imetuna hadi milango ya kabati haifungi. Fremu ya mlango, ya mbao ngumu ya zamani, ilikuwa imebadilika rangi kwa chini, na mguu mmoja ulikuwa mweusi kabisa. Mlango wenyewe ulikuwa umevimba upande wa kitasa.

Niseme kwanza kwa nini sikukimbilia kumwita mtu aje abadilishe kila kitu. Miaka ya nyuma, kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, maji yalivuja kidogo tu. Fundi alikuja siku ya nne, akapigilia skatingi mpya kwenye ukuta uliokuwa bado umelowa, akapaka rangi, akaondoka. Wiki chache baadaye rangi ikatoa malengelenge, na tulipozibandua zile mbao tukakuta ukungu mweusi umetanda nyuma yake. Kazi moja nikailipia mara mbili. Jambo hilo liliniuma, na safari hii sikutaka lijirudie.

Nikampigia mjomba wangu, ambaye amefanya useremala maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba. Nataka kuupiga mlango randa leo hii ili ufunge."

"Marahaba. Usithubutu. Ukiupiga randa leo, utafunga leo. Ukikauka utakuachia mwanya wa kupitisha kidole. Utoe kwenye bawaba, uusimamishe penye hewa, usiuguse."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Mbao hunywa maji ikavimba kwa upana na unene, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ikikauka hurudi, mara nyingi karibu sana na pale ilipokuwa. Ndiyo maana mlango wa mbao halisi ulionenepa kwa maji hauhitaji kupunguzwa, unahitaji muda. Kwa MDF na chipubodi hali ni tofauti kabisa. Hizo ni nyuzi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, na maji yakiingia, kile kilichoshindiliwa hufumuka na hakirudi tena. Skatingi zangu zilikuwa za MDF. Sikuzihurumia.

Kuzing'oa kwenyewe kuna utaratibu wake. Kwanza nilipitisha kisu kikali kwenye mstari wa juu, pale rangi ya ukuta inapokutana na skatingi, la sivyo rangi na plasta hutoka pamoja na ubao. Halafu nikaingiza mtaimbo mdogo bapa, nikaweka kipande cha ubao nyuma yake ili usitoboe ukuta, nikasukuma taratibu kuanzia msumari mmoja hadi mwingine. Kila kipande nilikiandika namba kwa penseli upande wa nyuma, kwa sababu hata kama unakitupa, utakihitaji kwanza kwa vipimo na kwa umbo la ukingo wake. Nyuma ya skatingi ukuta ulikuwa umelowa hadi juu kiasi cha kiganja. Nikausugua kwa maji ya sabuni na brashi, huku nimevaa barakoa, nikauacha wazi. Madirisha yalishinda wazi na feni ikipuliza chini chini kando ya ukuta.

Fremu ndiyo iliyonipa mawazo. Nilichukua bisibisi nyembamba nikaanza kuichoma kutoka juu kushuka chini, kila baada ya sentimita mbili. Juu, bisibisi inagonga na kurudi, unasikia mlio mkavu. Kadiri nilivyoshuka mlio ukawa mzito. Nilipofika sentimita 11 kutoka sakafuni kwenye ule mguu mweusi, bisibisi ikazama yenyewe bila mlio wowote, na nilipoichomoa ikatoka na nyuzi laini zenye harufu ya udongo. Hapo nikajua kuwa uozo huo haukuanza na maji ya siku mbili. Bomba lilikuwa likivuja kidogo kidogo muda mrefu, chini ya skatingi, bila sisi kujua. Mguu wa pili ulikuwa umelowa tu, mzima.

Nikanunua kipimo cha unyevu, kile chenye sindano mbili unazochoma kwenye ubao. Hicho ndicho kifaa ninachomshauri kila mtu awe nacho kabla ya randa wala nyundo, maana vidole hudanganya. Ubao ukikauka juu huonekana umekauka wote. Cha muhimu si namba peke yake. Pima pia mahali ambapo maji hayakufika, kwenye fremu hiyo hiyo, upate cha kulinganisha. Kwangu, juu ya fremu kilisoma asilimia 11. Chini ya mguu mzima kilisoma 29. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kwa hiyo lengo langu la kwanza lilikuwa kushuka chini ya hapo, na la pili kuikaribia ile 11. Wiki ya kwanza ilishuka hadi 23. Wiki ya tatu ikawa 17. Wiki ya sita ikasoma 12, na ukuta nyuma yake ulikuwa umepauka. Hizo wiki tulipita mlangoni pasipo na mlango, tukivumilia kelele za feni, na watu wa nyumbani waliniuliza kila siku naanza lini. Nashukuru sikuanza.

Sasa ule mguu uliooza. Kung'oa fremu nzima kungebomoa plasta pande zote mbili, na sehemu kubwa ya mbao ile ilikuwa bora kuliko yoyote ninayoweza kununua leo. Nikaamua kukata sehemu mbovu na kuunga mpya. Uozo uliishia sentimita 11, mimi nikakata sentimita 17, ili kiungo kikae kwenye mbao nzima isiyo na shaka. Mkato haukuwa wa kulala. Niliuinamisha nyuzi 45, ukishuka kuja upande wa chumbani, ili maji yakigusa kiungo yateremke nje badala ya kuingia ndani, na pia gundi ipate eneo kubwa zaidi la kushika. Nilibana kwenye fremu kipande cha ubao kilichokatwa kwa pembe hiyo, msumeno wa meno madogo ukakifuata. Msumeno haufiki ukutani. Sentimita ya mwisho niliimaliza kwa patasi, kidogo kidogo.

Kipande kipya nilikitoa kwenye ubao mgumu ambao ulikuwa umekaa ndani ya nyumba wiki mbili, ukizoea hewa yake, na nyuzi zake zikisimama kama za fremu ya zamani. Kukilinganisha ndiko kulikochukua muda. Nilisugua penseli laini kwenye uso wa mkato wa zamani, nikasukuma kipande kipya mahali pake, nikakitoa. Kilipogusa palikuwa na weusi wa penseli, pasipogusa palibaki peupe. Nikapunguza penye weusi kwa patasi, nikarudia. Mara ya kwanza kulikuwa na alama mbili tu pembeni. Mara ya nne uso mzima ulitoka na kijivu cha kulingana, na mwanga haukupenya kwenye kiungo.

Nilitumia gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, nikaongeza skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, vichwa vikazama ndani na kufunikwa kwa vijiti vya mbao ile ile. Sehemu ya chini ya kipande sikuiacha iguse sakafu. Niliiacha juu milimita 4 na kuipaka epoksi mara mbili, kwa sababu ubao hunywa maji kwa kasi sana kupitia ncha iliyokatwa kuliko ubavuni. Uwazi ule nikauziba kwa silikoni mwishoni. Nadhani fremu ya mwanzo ingepandishwa hivyo tangu siku ya kwanza, isingeoza.

Rangi ya zamani kwenye fremu sikuipiga msasa mkavu. Rangi za miaka ya nyuma huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Nililowesha msasa wa maji, nikafuta kwa tambara na kulitupa.

Skatingi mpya nimeweka za mbao halisi. Nilizipaka praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, pande zote, nyuma na kwenye ncha pia, kabla ya kuzipigilia. Kona za ndani sikuzikata zote mbili nyuzi 45, kwa sababu kona za kuta ni nadra kuwa za mraba kamili na kiungo hicho hufunguka baadaye. Ubao wa kwanza unagonga ukuta moja kwa moja. Wa pili unakatwa kwa msumeno mwembamba kufuata umbo la ule wa kwanza, unaukumbatia. Kona mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ilinishinda kidogo nikaijaza puti.

Mlango niliurudisha kwenye bawaba wiki ya saba. Siku ile ya maji nilikuwa nimechora mstari wa penseli kwenye ukingo wake pale ulipokuwa ukikwaruza, nikiwa na randa mkononi. Sasa kati ya mstari ule na fremu kuna milimita 2, juu hadi chini, na kitasa kinashika. Kilichobaki ni sakafu ya kabati la sinki. Nimeshakata plaiwudi, ncha zake zinakauka epoksi, na safari hii nitaikalisha juu ya vijiti ili niweze kuingiza mkono chini yake kila mwezi na kugusa kama kuna unyevu.