Cheti cha utaalamu wa usomaji kimetoka!

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, sasa ni mtaalamu wa usomaji, yaani mwalimu anayewasaidia wanafunzi wanaotatizika kusoma, hapa Texas, Marekani. Walimu wenzangu mnaouliza njia: jimbo hili linataka uwe na leseni ya ualimu, shahada ya uzamili na miaka 2 ya kufundisha darasani, umalize programu iliyoidhinishwa, kisha ufaulu mtihani. Majimbo mengine yana masharti yake, ulizeni kabla ya kulipa ada.

Kilichonigusa zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa mtoto wa darasa la 2 aliyekuwa akikisia maneno kwa kutazama picha. Nikamchorea visanduku kwenye karatasi. Neno lenye sauti 3, visanduku 3, na kila akitamka sauti anasogeza kizibo cha soda ndani ya kisanduku chake. Polepole, kidole chini ya herufi, akaanza kusoma mwenyewe. Siku aliyomaliza ukurasa mzima bila kunitazama usoni, machozi yalinilengalenga. Watoto kama huyu huitwa wavivu, na inaniuma sana, maana wengi hawajawahi kufundishwa kutenganisha sauti.

Anayetaka kuanza aje inboksi, nitamwelekeza namna ya kujaza fomu.